Fundi wa Safari Zisizokwama

Mzee alizima injini, akavuta kiti cha plastiki mpaka kivulini, akaketi. Spana hakuigusa. Ilikuwa saa nane mchana nje ya mji wa Kingman, jimbo la Arizona, na gari-nyumba lililoletwa kwake lilikuwa limetoka kupanda mlima muda si mrefu. Mwenyewe alikuwa na haraka. Alitaka kutajiwa kifaa cha kununua ili safari iendelee. Mzee akamwomba angoje kidogo, kwa sababu joto lenyewe lilikuwa halijafika.

Kauli hiyo ina elimu nyingi. Injini inapofanya kazi, feni inapuliza, maji ya rejeta yanazunguka, na petroli mbichi inapita kwenye mabomba bila kukaa. Injini ikizimwa, vyote vitatu husimama kwa pamoja, lakini chuma kilichokuwa kikipokea moto saa nzima hakizimiki kwa ufunguo. Joto lake husambaa taratibu, likaingia kwenye pampu, likaingia kwenye kabureta, likaikuta petroli imetuama. Kwa robo saa na zaidi, sehemu hizo huwa na moto kuliko zilivyokuwa gari likiwa mlimani. Huo ndio muda ambao dereva anarudi kutoka dukani na chupa yake ya maji baridi. Anawasha, gari linaondoka vizuri, halafu mbele kidogo linakohoa na kukata.

Basi tukangoja. Muda ulipotimia mzee aliinuka, akaingia chini ya gari na kuanza kuifuata njia ya petroli kwa mgongo wa mkono. Alianzia kwenye tangi na kwenda mbele polepole, shibiri kwa shibiri, akiusogeza mkono karibu na bomba mpaka aupate uvuguvugu wake, kisha akiendelea. Pale ambapo mkono haukustahimili kukaa, alitoa kipande cha chaki mfukoni na kutia alama. Alama moja aliitia mahali bomba lilipopita karibu mno na eksozi. Nyingine aliitia kwenye kona ambako mtu wa zamani alibadilisha mpira akaacha mrefu kupita kiasi, ukaegemea ubavu wa injini. Nyingine ikaangukia kibano cha chuma kilichokuwa kikilipa bomba joto la fremu nzima, jambo ambalo jicho pekee lisingelitambua.

Kuna vipimajoto siku hizi vinavyosoma joto la kitu bila kukigusa, na mzee anacho kimoja rafuni. Alikitumia baadaye, kuthibitisha. Lakini kwanza alipitisha mkono, kwa sababu kipimajoto hujibu kuhusu pale tu kilipoelekezwa, nao mkono unaofuata bomba zima hauruki mahali. Nilimtazama mpaka akamaliza, nikaona kwamba kilichokuwa mbele yangu ni ufundi kamili, wenye subira na utaratibu wake, ambao haujapata wa kuuimba. Wapo waliousifia uhunzi, wakausifia useremala na ujenzi wa majahazi, na wote walistahili. Huyu naye anastahili. Kazi yake ni kuizuia petroli isigeuke mvuke kabla haijafika inakotakiwa, ili mtu na watoto wake wasikwame jangwani.

Gari lenyewe lilikuwa GMC Motorhome, kwa maoni yangu gari-nyumba zuri kuliko yote yaliyoundwa Marekani. Yalitoka kiwanda cha General Motors mjini Pontiac, Michigan, toleo la kwanza likiwa la mwaka 1973, mwaka uleule nchi za Kiarabu zilipofunga mafuta na petroli ikawa ya kupangiwa foleni. Mwaka 1978 yakakoma. Injini ya kwanza, V8 ya lita 7.5, ilitoka kwenye Oldsmobile Toronado, nayo ilizungusha magurudumu ya mbele. Kwa kuwa hakukuwa na shafti ndefu ya kwenda nyuma, sakafu iliteremshwa karibu na barabara, na gari likapata umbo lile la chini lenye madirisha mapana linalotambulika hata leo ukiliona mara moja tu. Mwili wake ni alumini na faibaglasi, na magurudumu manne ya nyuma yamebebwa na mifuko ya hewa. Waliolichora hawakuwa wakiunda sanduku la kulalia. Walikuwa na upendo.

Uzuri huo, hata hivyo, ulikuja na mzigo wake. Injini kubwa imekaa mbele chini ya sakafu, imebanwa pande zote, na joto lake halina njia pana ya kutokea. Matangi mawili, yanayochukua jumla ya lita 190 hivi, yako nyuma yake kwa mita kadhaa. Pampu ya kiwandani imefungwa ubavuni mwa injini ileile inayounguza, na kutoka hapo inatakiwa iivute petroli kutoka mbali kote huko.

Kiini cha shida kiko kwenye kuvuta. Petroli si maji, yanayosubiri nyuzi 100 ndipo yachemke. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kabla ya nyuzi 40. Ikivutwa, presha ndani ya bomba hushuka, nayo huchemka mapema zaidi. Gari likipanda mlima, presha ya hewa nayo hupungua, na hali huzidi kuwa mbaya. Pampu iliyoundwa kusukuma mafuta inakuta mvuke. Inaubana, mvuke unanywea. Inauachia, mvuke unatanuka. Na kwenye kabureta hakifiki kitu. Aliyewahi kunywa dafu kwa mrija mrefu wenye ufa anaijua hali hiyo: kifua kinavuta kwa nguvu zote, na kinywani yanaingia mapovu.

Eneo lile la Marekani limewafundisha watu adabu hii tangu magari yalipoanza kupita. Barabara ya Route 66, iliyopewa namba hiyo mwaka 1926, ilitoka Kingman ikapanda mpito wa Sitgreaves kabla ya kuteremkia Oatman, na wenye Ford Model T walikuwa na namna yao ya kuupanda. Gari lile halikuwa na pampu. Petroli ilishuka yenyewe kutoka kwenye tangi lililokuwa chini ya kiti. Kwenye mwinuko mkali pua ya gari ilipanda juu ya tangi na mafuta yakagoma kuja mbele. Basi waligeuza gari, wakaupanda mlima kinyumenyume. Kwa upande wa California, barabara kuu nyingine, ya sasa, inaondoka Baker, mji ulio chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, na kabla ya kuingia Nevada inapita Mountain Pass, zaidi ya mita 1,400. Pale Baker pamesimamishwa kipimajoto chenye urefu wa futi 134, kuikumbuka siku ya Julai 1913 ambapo Bonde la Mauti, kaskazini yake, lilipimwa na kukutwa na nyuzi 134 za Farenhaiti, yaani nyuzi 56.7 za Selsiasi. Ukishaupita mji, mabango yanakuomba uzime kiyoyozi. Mahali pa namna hiyo humwuliza kila anayepita kama alijiandaa.

Mzee wa Kingman hujiandaa kwa mpangilio, na mpangilio huo ndio ufundi wake. Huanza na mipira, yote, hata ile inayoonekana mizima. Mpira uliokauka ukapata ufa mwembamba kwenye upande wa kuvuta hautoi tone. Utachungulia chini ya gari na kukuta pakavu, kumbe ufa huo unaingiza hewa, na hewa ndani ya bomba huleta maradhi yaleyale ya mvuke. Petroli ya siku hizi ina ethanoli, na ethanoli haikuwa sehemu ya hesabu wakati mipira ya miaka ya 1970 ilipotengenezwa. Ndiyo maana mzee husoma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa kila mpira mpya kabla ya kuukata, na usioeleza ulitengenezewa mafuta gani huurudisha dukani.

Kisha hukagua kifuniko cha tangi, kwa sababu tangi lisilopumua hukaza na kuishika petroli yake. Kisha huyahamisha mabomba kufuata alama za chaki. Pale ambapo hapana nafasi ya kuhama, huweka bati la alumini katikati ya bomba na eksozi, na huhakikisha bati hilo haligusani na chochote upande huu wala upande ule, maana hewa inayopita pande zote mbili ndiyo inayofanya kazi ya kukinga. Chini ya kabureta huongeza kipande kinene kisichopitisha joto upesi. Baada ya hayo yote, wala si kabla, ndipo hufunga pampu ya umeme, na huifunga huko nyuma, karibu na tangi, chini kadiri inavyowezekana. Sasa petroli haivutwi tena, inasukumwa. Presha ndani ya bomba inapanda badala ya kushuka, na petroli yenye presha huchelewa kuchemka. Presha yenyewe huipima, isije ikaishinda sindano ya kabureta na kuifurikisha. Waya wa pampu huupitisha kwenye swichi inayotegemea presha ya oili, ili injini ikizimika kwa ajali, pampu nayo inyamaze isimwage petroli juu ya chuma cha moto. Kinga inayoleta hatari kubwa kuliko ile iliyozuiwa, mzee haihesabu kuwa kazi ya fundi.

Lakini anachokipenda kuliko vyote ni njia ya kurudi. Karibu na kabureta huweka chujio lenye midomo mitatu: mmoja wa kuingilia, mmoja wa kwendea kabureta, na mmoja mwembamba wa kuirudisha petroli iliyozidi mpaka kwenye tangi. Kwa bomba hilo moja jembamba, mfumo mzima unabadilika. Kiputo cha mvuke kilichokuwa kikijibana mbele ya pampu sasa kina mahali pa kwenda. Petroli inatembea muda wote injini ikiwa hai, haituami mahali ikazoa moto, na ile iliyopata uvuguvugu inarudi kupoa ndani ya tangi kubwa. Alinieleza haya huku akiwa ameshika mkononi kipande cha bomba chenye unene wa penseli, kwa heshima ambayo sijaiona kwa watu wanaouza injini nzima. Ameona mengi makubwa yakishindwa kwa sababu jambo hilo dogo liliachwa.

Sisi tuliokua kwenye njia ya Mombasa na Nairobi hatukuijua Kingman, lakini ugonjwa tuliujua. Barabara inaondoka baharini, inaingia nyika ya Taru, inapita Mackinnon Road, Maungu, Voi, Mtito Andei, na inaendelea kupanda mpaka Nairobi, karibu mita 1,700 juu. Mchana wa Februari, lami ya nyika ile humeta mbele ya macho na mbali huonekana maji yasiyokuwepo. Nakumbuka gari la abiria likianza kushtuka, likivuta na kuachia, dereva akilibembeleza mpaka pembeni. Utingo hakuulizwa. Aliruka na dumu, akafungua boneti, akaivika pampu kipande cha gunia na kukimwagia maji polepole. Moshi mweupe wa mvuke ukapanda. Abiria wakashuka kutafuta kivuli cha mbuyu, chupa za chai zikatoka vikapuni, na mahamri yakagawiwa kwa watu wasiojuana.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyemsukuma dereva awashe upesi, akisema ana miadi. Bibi mmoja wa makamo, aliyekuwa ameketi juu ya mzigo wake, akamwambia: “Mwanangu, liache lipumue. Hata wewe ukipanda mbio hutakiwi kusemeshwa.” Dereva akamwitikia kwa shikamoo na kicheko. Tukangoja, gunia likakauka likalowanishwa tena, na gari likawaka. Nilikuwa mdogo, na gunia lile lilinipendeza kwa namna ya muujiza.

Nilipokua ndipo nilipoanza kuwatambua madereva wa aina nyingine. Hawa waliondoka Mombasa usiku ili Taru iwakute na ubaridi. Wakisimama Voi waliiegesha pua ya gari kuelekea upepo na kuinua boneti kabla hata ya kunawa uso. Mipira ya petroli waliibadilisha kabla haijaomba, na bomba lililopita karibu na eksozi walilisogeza wenyewe kwa waya na subira. Nao walibeba gunia, kwani msafiri habezi bahati mbaya. Ila gunia lao lilifika Nairobi kavu. Hakuna abiria aliyewashukuru kwa hilo, maana hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kilizuiwa. Waliosimuliwa vijiweni walikuwa wale wa maji na moshi mweupe.

Huko Marekani pia walikuwa na magunia yao. Wenye magari ya zamani walibana vibanio vya nguo vya mbao kwenye bomba la petroli, vikajipanga kuanzia pampu mpaka kabureta, na wazee wengi huapa kwamba vilisaidia. Mzee wa Kingman havidharau. Kama vilisaidia, husema, ni pale vilipoliinua bomba lisiguse chuma cha moto; aliyevibana walau alilitazama bomba lake kwa makini. Kinachomsikitisha ni wale wasiolitazama kabisa. Wananunua pampu ya umeme yenye nguvu kuliko zote, wanaifunga mbele kabisa kwenye joto kwa sababu huko ndiko mkono unakofika kwa urahisi, na inabaki kuvuta kutoka mbali vilevile. Likikata tena, wananunua nyingine. Pesa zinatumika, kelele inaongezeka, na alama ya chaki hakuna aliyeitia.

Nimekumbuka swali lake la kwanza siku ile, nalo halikuhusu gari. Alimwuliza mwenyewe petroli iliyomo tangini ilinunuliwa mwezi gani. Swali hilo huweza kuliuliza tu mtu anayejua kwamba petroli ya Marekani ina misimu. Ya baridi hufanywa iwe nyepesi ya kuvukiza ili injini iwake kwenye barafu. Ya kiangazi hupunguzwa uvukizi, na tangu mwaka 1989 serikali imeiwekea kikomo ili kulinda hewa ya miji. Wenye magari-nyumba huyalaza miezi ya baridi matangi yakiwa yamejaa, kisha huyatoa siku ya kwanza yenye jua kali la Aprili. Hewa ni ya joto, na tangini mna petroli ya Januari. Wengi huiogopa Julai, wakati siku yenye hila zaidi huwa imekwisha wapita. Fundi anayeuliza mwezi wa petroli anaitazama safari nzima, kuanzia kisima cha mafuta mpaka mlimani.

Maarifa ya namna hii hayaandikiki kirahisi, na dalili zake hazikai. Gari likikatwa na mvuke, likavutwa mpaka gereji, huwa limekwisha poa njiani. Fundi kijana analiwasha, linawaka mara moja, linanguruma vizuri. Anatafuta hitilafu haioni, na gari la mwaka 1975 halina kompyuta ya kumtolea namba ya kosa. Anamrudishia mwenyewe na kumwambia gari ni zima. Simlaumu sana. Alifundishwa kuamini kilichobaki, na ugonjwa huu haubakishi kitu. Unamhitaji mtu aliye tayari kukaa kivulini na kulingoja joto lije, na gereji zinazolipwa kwa saa hazina kiti cha kungojea.

Magari mapya yameyamaliza mengi ya haya. Pampu imezamishwa ndani ya tangi lenyewe, inasukuma kwa presha kubwa, na dereva anaweza kuipanda Mountain Pass mchana wa Agosti bila kujua kwamba petroli huchemka. Ndani ya muundo huo umo uleule wosia wa mzee: sukuma, usivute. Somo limeingia ndani ya mashine, na katika kuingia huko limetoka kwa watu. Hatujui tena tulichookolewa nacho, na asiyejua alichookolewa nacho haoni sababu ya kumheshimu aliyekitengeneza, wala ya kulitunza gari lililozaliwa kabla yake.

Magari-nyumba yale ya Pontiac yaliyobaki yana umri wa miaka 50 hivi, na wale walioyafanyia kazi yakiwa mapya ni wazee wa miaka 70 na zaidi. Katika ua wa Kingman sikumwona mwanafunzi. Mzee alisema walikuja wawili kwa nyakati tofauti, wakajifunza kufunga pampu, wakaondoka. Hakuna aliyebaki mpaka akajifunza kungoja. Siku atakapoyafunga malango ya ua ule, magari haya hayatakufa papo hapo. Yatang'arishwa, yatabebwa juu ya trela hadi kwenye maonyesho, yatapigwa picha na watoto wa watu waliolala ndani yake. Yatakuwa mazuri, na hayatakwenda popote. Yaliundwa kupanda milima yakiwa na familia ndani, na fundi aliyeyawezesha kuipanda hakuacha jina kwenye bamba lolote, kwa sababu kazi yake bora zaidi ilikuwa msiba usiotokea. Tumejenga sanamu za wengi waliofanya mambo makubwa mbele ya macho yetu. Hawa waliotukinga bila sisi kujua tunawaacha waondoke na elimu yao yote, na hatujawauliza hata swali moja. Hilo ndilo linaloniuma.